Kosa la Pili Sikulitubu

Nimeulizwa mara nyingi, na watu wenye nia njema na wasio nayo, kama kweli mtu anaweza kumwimbia Mungu kwa muziki wa roki. Huwa wanauliza huku wameshajijibu. Wanainamisha kichwa upande, wanatabasamu kidogo, wanangoja niseme kwamba ulikuwa ujana tu, kwamba nilikua nikaacha. Sikuacha. Nimevuka miaka sitini, magoti yananisumbua, na gita langu la umeme liko chumbani limefunikwa kwa shuka safi kuliko ile ninayolalia. Ninayewajibu hivi ni mtu aliyesimamishwa mbele ya kanisa zima kwa sababu ya gita hilo, akaambiwa atubu.

Kwetu ni Mbeere, nyanda kavu za Embu, mahali ambapo mvua ikinyesha mara mbili kwa msimu watu husema mwaka ni mzuri. Baba alikuwa mzee wa kanisa na karani wake. Aliniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza, na hata aliponigombeza alinigombeza kwa heshima hiyo. Yeye ndiye aliyeshika kitabu. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, na ndani yake ziliandikwa dhambi za washirika.

Mtu akianguka, jina lake liliandikwa humo, naye akapelekwa benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na mlango, na Meza ya Bwana ikampita. Akiwa tayari kurudi, alisimama mbele siku ya Jumapili. Baba alifungua kitabu akasoma kosa, mtu akasema, "Nimetubu," kisha watu wakapanga foleni kumsalimia kwa mkono. Nilikua nikisikia makosa hayo yakisomwa: huyu alilewa, huyu alioa mke wa pili, binti wa fulani ana mimba. Baba aliyasoma yote kwa sauti moja, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi asubuhi. Alipomaliza alifunga kitabu na kuanzisha wimbo, maana sauti yake ilikuwa nzuri na hakuna mwingine aliyethubutu kuanzisha wimbo yeye akiwapo.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba ilikuja njaa, ule mwaka tuliokula mahindi ya manjano ya msaada. Ndugu yangu mdogo, mwenye miaka tisa, alishikwa na homa. Aliumwa siku tatu. Siku ya tatu baba alimbeba kwenda zahanati, akarudi naye vilevile amembeba, na mama alipoona jinsi mkono wa mtoto ulivyoning'inia alikaa chini uani.

Tulimzika upande wa juu wa shamba. Baada ya mchungaji kuomba, baba alivua kofia, akaanzisha wimbo wa kanisa kuhusu amani ya mto mtulivu. Aliuimba beti zote nne. Sauti haikutetemeka hata mara moja. Watu walizungumzia jambo hilo kwa miaka mingi: yule mzee ana imani jamani, alimzika mtoto wake akiimba. Mimi nilisimama karibu na lile rundo la udongo nikasikia hasira ikipanda kutoka miguuni. Sikumkasirikia Mungu kwanza. Niliukasirikia wimbo. Hakuna mto wowote kwetu, na siku ile hakukuwa na amani yoyote, na mtoto aliyekuwa ardhini alikuwa na meno mawili ya mbele ambayo hayajamaliza kuota.

Nikasoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa shule iliyo karibu na Muthara, upande wa Meru. Kule kuna kijani kila mahali na baridi ya asubuhi, na magari ya miraa hupita yakikimbia kama yanayofukuzwa na serikali. Siku za Jumamosi nilishuka mjini Makutano kununua vitu vya wiki. Palikuwa na fundi wa redio pale, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye aliwahi kupiga muziki hotelini kabla ya kuokoka. Alifanya kazi huku kaseti zikilia. Siku moja nilikuwa napita na kikapu cha nyanya, nikasikia gita likipiga kelele ndani ya kibanda chake. Namaanisha kelele hasa. Lilikwaruza, likakoroma, likapanda juu kwa sauti ya mtu aliyeshikwa pabaya, na ngoma chini yake zikipiga bila kuomba ruhusa. Nilisimama pale mlangoni hadi fundi akaniuliza kama redio yangu imeharibika.

Nilikuwa nalia. Nilikuwa nimesikia kile ambacho nilitaka kiimbwe kaburini.

Yule fundi ndiye aliyeniuzia gita lake la zamani na kunitengenezea amplifaya ndani ya boksi la redio mbovu, inayotumia betri ya gari. Alinifundisha pia, kila Jumamosi, miezi minane, hadi vidole vikaota sugu. Mwenzangu shuleni, mwalimu wa kilimo, kijana wa hapo hapo Tigania asiyejua kukaa kimya, akajitolea kupiga ngoma. Ngoma zenyewe hatukuwa nazo. Alipiga debe la mafuta lililogeuzwa chini juu, na kipande cha bati kilichoning'inizwa kwa waya. Tulianza na wanafunzi wetu wa umoja wa Kikristo, na wale watoto hawakuuliza maswali. Waliimba hadi madirisha yakatikisika.

Wimbo wangu wa kwanza niliutunga kwa ajili ya ndugu yangu. Ulianza hivi:

Ulikuwa wapi, Bwana, siku tatu za homa?
Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa hapa.
Siendi kwingine, siendi,
hata ukikaa kimya, siendi.

Hapo kwenye "siendi" ndipo gita lilipopiga kelele. Nataka wanaoniuliza maswali yao wanielewe vizuri. Mtu asiye na imani hagombani na kiti kitupu. Nilimpigia Mungu kelele kwa sababu nilijua yupo, na nilijua anasikia, na nilitaka ajue kwamba nimeumia na sijaondoka. Kama hiyo si imani, basi nionyesheni yenu niitazame.

Mchungaji wa nyumbani alisikia kwamba binti wa karani ana kikundi cha kuimba huko Meru. Akatuma salamu kwamba nikija likizo nilete wimbo maalumu. Nadhani alitarajia kwaya ya wasichana wenye sare. Tukapanda basi, mimi, mwalimu wa kilimo, gita, boksi, betri iliyovuja kidogo kwenye kiatu chake, na debe.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mawele yakianza kukomaa, ndege wanakuja, wale wadogo wanaotembea kwa maelfu, na shamba lote linaweza kuisha kabla chai haijachemka. Kwa hiyo katika mwezi ule watu hushinda shambani juu ya majukwaa ya miti, wakiwa na makombeo, wakipiga mayowe na madebe. Siku ya Jumapili kanisa liliacha walinzi wachache tu huko. Na kanisani kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua: debe likilia, ibada imekwisha. Hata kama mchungaji yuko katikati ya maombi, mnainuka mnakimbia. Mchungaji mwenyewe aliikubali sheria hiyo, maana naye alikuwa na shamba.

Mimi ni mtoto wa huko. Nilipaswa kukumbuka. Lakini nilikuwa na wimbo wangu kichwani, na miaka ya Muthara ilikuwa imenisahaulisha mwezi wa ndege. Mwalimu wa kilimo hakujua lolote. Kwao ndege ni wa kutazamwa.

Akahesabu hadi nne, akashusha fimbo juu ya debe.

Sijawahi kuona kanisa likitoka namna ile. Wanawake waliruka mabenchi na watoto mgongoni. Wazee waliacha fimbo zao za kutembelea. Kanzu ya mchungaji ilinasa kwenye kona ya mimbari, akaivua akaiacha hapo. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikiimba, na nilipoyafungua kwenye ubeti wa pili, mbele yangu walibaki bibi mmoja kiziwi, mama yangu, na baba aliyesimama na kitabu kifuani. Nje tulisikia watu mia mbili wakipigia mayowe mashamba yasiyo na ndege hata mmoja.

Waliporudi, wametota jasho, wengine wamepoteza kiatu, hawakucheka. Nilidhani watacheka. Miaka mingi baadaye wengine walicheka, lakini siku ile walitukazia macho, na mwalimu wa kilimo akalificha debe nyuma yake kana kwamba kuna asiyeliona.

Baraza la wazee liliniita Jumatano katika chumba kidogo cha mabati nyuma ya kanisa. Walikuwa watano, chupa ya chai mezani, joto la kuivisha mkate. Baba alikaa mwisho wa meza, kitabu wazi mbele yake, kalamu mkononi. Hakuninyanyulia macho.

"Mwalimu," akaanza mkubwa wao, mzee aliyenijua tangu nikiwa natambaa, "wewe ni mtu umesoma. Hiyo kitu ulileta ni ya nini?"

"Ni ya kumwimbia Mungu, mzee."

"Kwani Mungu haskii vizuri?"

Wakacheka. Ningekuwa upande wao ningecheka pia.

"Anasikia," nikasema. "Lakini kengele ya kanisa ikilia mnakuja mkitembea pole pole, mkisalimiana njiani. Juzi mlikimbia. Mnajua wenyewe sauti gani inamtoa mtu mahali alipo."

Kicheko kikaisha. Mzee mwingine, mpole zaidi, akaniomba niwaimbie ule wimbo bila vile vyombo, wasikie maneno tu. Nikaimba. Niliimba chini, taratibu, mikono magotini. Nilipomaliza yule mzee alikuwa akifuta jicho kwa kidole gumba.

"Sasa huo ni wimbo," akasema. "Si uimbe tu hivyo mama, polepole, vile watu huimba? Jumapili ijayo uimbe hivyo, na haya mambo yaishe."

Walikuwa wamenifungulia mlango, na kwa upendo. Bado naona uso wake. Nami nikakataa, kwa sababu nilivyouimba pale nilikuwa nimeuimba kwa uongo. Maneno yaleyale, kwa sauti ile ya adabu, yalikuwa maneno ya mtu ambaye hajazika mtu. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia kwamba kelele haikuwa pambo la wimbo; kelele ndiyo iliyokuwa sala, na maneno yalikuwa ya kuisindikiza tu.

Hapo ndipo baba aliponyanyua kichwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema, "unataka kusema mimi sikumlilia mtoto wangu?"

"Sikukusikia, baba."

Ilikuwa kauli mbaya, na niliisema kwa makusudi. Akainamia kitabu akaandika, na mkubwa wa baraza akasoma yaliyoandikwa. Kosa la kwanza: alivunja ibada. Kosa la pili: alimwimbia Mungu bila imani. Hayo maneno ya mwisho, bila imani, yalikuwa ya baraza, lakini mwandiko ulikuwa wa baba, ule ule uliokuwa ukiniandikia barua nikiwa chuoni. Nikapewa miezi mitatu. Nikitubu yote mawili nitarudishwa. Nisipotubu, baba ataachia kitabu, kwa kuwa mzee ambaye nyumba yake haijanyooka hawezi kusoma makosa ya nyumba za wengine.

Miezi hiyo mitatu niliishi Muthara nikifundisha hesabu na kukasirika. Nilipokwenda nyumbani niliketi benchi la nyuma, na sinia la mkate likanipita mikononi mwa watu niliocheza nao utotoni. Baba hakusema nami zaidi ya salamu. Mama alinifuata jikoni akanishika kiwiko.

"Sema tu umetubu, tukule kwa amani," akasema. "Ni neno moja. Baba yako bila hicho kitabu atakuwa nani?"

Nilimwambia la kwanza nitalitubu hata leo, na kwa furaha. La pili ni uongo. Akaniuliza kama nampenda Mungu kuliko baba yangu. Nikasema ndiyo, na ndiyo maana siwezi kumdanganya Mungu. Mama akaachia kiwiko akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nami sikuwa jasiri kama ninavyojisimulia. Wakati mwingine nilifikiri: kwa nini nisiseme tu? Nani atajua? Lakini nilimjua ndugu yangu, na nilijua kwamba kati ya watu wote ni mimi niliyemwomba Mungu maelezo kuhusu yeye, kwa sauti ambayo ilistahili. Nikitubia sauti ile nitakuwa nimemzika kimya mara ya pili.

Jumapili ya mwisho ya ile miezi mitatu nikasimama mbele. Kanisa lilijaa hadi dirishani. Baba akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Alivunja ibada."

"Hilo nimetubu," nikasema. "Niliwakimbiza bure. Poleni sana." Mtu mmoja akakohoa kicheko, wengine wakamfuata, na kwa muda mfupi ilionekana kama mambo yatakuwa rahisi.

"Alimwimbia Mungu bila imani."

"Hilo sikulitenda. Siwezi kulitubu."

Kicheko kikakatika. Mchungaji akasogea karibu nami, akashusha sauti, "Mwalimu, fikiria baba yako."

"Ninamfikiria. Ni yeye alinifundisha mtu asidanganye akisimama hapa."

Mchungaji akamgeukia baba. Akamwambia aandike kwamba mshirika amekataa, tuendelee na ibada. Baba akachukua kalamu. Akaishika muda mrefu juu ya ukurasa. Kisha akairudishia kifuniko chake, akavua miwani, na akaanza kusema kwa Kimbeere, lugha ambayo hakuwahi kuitumia akiwa ameshika kitabu kile.

"Kosa hili la pili ni la kweli," alisema, "lakini mmelikosea jina la aliyelitenda. Siku ile nilipomzika kijana wangu niliimba, na mkasema nina imani. Sikuamini neno hata moja la wimbo ule. Niliimba ili msinitazame. Na tangu siku hiyo, kila wimbo niliowaanzishia humu ndani, nimeuimba hivyo hivyo."

Akaongeza neno moja tu, lile ambalo alikuwa amelisikia kutoka kwa wengine maisha yake yote. "Nimetubu." Akaweka kitabu juu ya meza, karibu na mkate, akashuka, akapita kando yangu bila kunigusa, akatembea kati ya mabenchi hadi nyuma, akaketi karibu na mlango.

Hakuna aliyepanga foleni. Hawakujua kama wamsalimie au wamwogope. Mimi nilibaki mbele peke yangu, nimepewa haki yangu mbele ya watu wote, na sikujua niipeleke wapi. Mwishowe nikatembea nyuma nikaketi karibu naye.

Mchungaji ilibidi aanzishe wimbo mwenyewe. Aliuanzia juu mno, watu wakahangaika kumfuata, na wanaume wakaacha katikati ya ubeti wa kwanza. Baba hakufungua mdomo. Aliinama hadi paji la uso likagusa benchi la mbele yetu, kisha sauti ikamtoka. Haikuwa nzuri. Ilikwaruza, ilikatika, ilirudi kubwa zaidi, na watoto waliokuwa karibu wakageuka kumtazama.

Miaka saba nilikuwa nimemdai baba kilio hicho. Sasa alikuwa amenipa, na nilikuwa nimekaa kando yake mikono imelegea, nikiwa sijui hata pa kumshika. Wimbo ukaisha, watu wakatoka mmoja mmoja wakitupita pale mlangoni, na yeye alikuwa bado hajamaliza.